Barua kwa Shangazi kuhusu nyumba ya magogo ya Decorah

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Siku ile nilipokueleza kwenye simu kwamba nimesafiri saa kadhaa ndani ya jimbo hili la Iowa kwenda kutazama nyumba ya magogo, uliniuliza kwa nini watu wenye uwezo wao wahangaike kutunza kibanda kisichozidi jiko lako la uani. Sikukujibu vizuri. Najibu leo hadharani, kwa kuwa naamini wapo wengine wenye swali hilohilo.

Nyumba yenyewe iko Decorah, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Iowa, katika makumbusho ya Vesterheim, yanayohifadhi historia ya wahamiaji waliotoka Norway. Aliijenga mhamiaji mmoja, Erik Egge, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Chumba ni kimoja, futi 14 kwa 16, yaani mita 4.3 kwa 4.9 hivi. Humo aliishi Erik na mkewe Helene pamoja na watoto wao wawili, na humohumo, mwezi wa Desemba 1853, wakapokelewa wageni: Mchungaji Ulrik Vilhelm Koren, kijana wa miaka 27, na mkewe Elisabeth mwenye miaka 21, ambao walikuwa wamefunga ndoa mwaka huohuo, wakavuka bahari kuja kuwahudumia walowezi, na kukuta nyumba ya mchungaji bado haijajengwa. Watu sita, Shangazi, katika majira ya baridi ambayo hapa Iowa hugandisha mito. Pazia la kitambaa ndilo lililogawa chumba, vitanda vikiwa upande mmoja, na upande wa pili yakifanyika mengine yote, kuanzia kupika hadi kulea watoto.

Tunayajua haya kwa sababu Elisabeth aliandika shajara. Bila shajara ile, nyumba hii huenda ingeozea shambani kama zilivyooza nyingine nyingi za jirani zake, kwa maana mara familia ilipopata fedha ilijenga nyumba ya mbao zilizopasuliwa, na ile ya magogo ikageuzwa ghala au banda la mifugo. Naheshimu sana kalamu ya Elisabeth. Hata hivyo, moyo wangu uko kwa Helene, ambaye hakutuachia shajara, lakini ndiye aliyekubali kugawana na wageni sehemu ya kulala ya watoto wake. Nilifurahi kuona kwamba nyumba inaitwa Egge-Koren, jina la mwenyeji likitangulia la mgeni, ingawa mgeni huyo, Mchungaji Koren, ndiye aliyekuja kupata sifa na kuongoza sinodi ya kanisa la Wanorway huku Marekani kuanzia 1894 hadi alipofariki 1910.

Lipo jambo lingine ambalo nisingependa barua hii ilipite. Ardhi ile haikuwa pori lisilo na wenyewe. Wahochunk, kabila mojawapo la wenyeji wa asili wa Amerika, ambao serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuwahamisha mara moja na kuwaleta huko, walihamishwa tena mwaka 1848 na kupelekwa Minnesota, na miaka michache tu baadaye walowezi kama Egge wakaanza kukata miti palepale. Mji unaitwa Decorah kwa jina la kiongozi mmoja wa Wahochunk, Waukon Decorah. Kwa maoni yangu, anayeeleza nyumba hii bila kuwataja watu hao hajaieleza.

Sasa nije kwenye utunzaji. Nilisimama muda mrefu kwenye pembe ya nyumba. Katika ujenzi wa namna hii kila gogo hukatwa pengo karibu na ncha yake, lile la juu likakaa ndani ya la chini, na uzito wa ukuta wenyewe ndio unaoyabana, kwa hiyo pembe haihitaji msumari hata mmoja. Nafasi kati ya gogo na gogo huzibwa kwa vipande vya mti kisha hukandikwa udongo au chokaa, kazi ambayo wewe ungeifanya vizuri kuliko wengi wa hapa. Adui mkubwa ni maji. Gogo la chini kabisa, linalopokea matone yanayoruka kutoka ardhini mvua inaponyesha, ndilo huanza kuoza. Wengi waliotaka kuziokoa nyumba za aina hii waliziba nafasi hizo kwa saruji ngumu, wakidhani wanaziimarisha. Mti hutanuka na kusinyaa kwa majira, saruji haifuati. Ufa ukitokea, maji huingia na kunaswa humo, gogo likaoza kimyakimya nyuma ya ukuta unaoonekana mzima. Ndiyo maana mafundi wa uhifadhi hupendelea kukandika kwa kitu laini, na kukandika upya kila inapobidi.

Nyumba ya magogo ina bahati moja ambayo ya mawe haina: inaweza kufumuliwa, kila gogo likapewa namba yake, ikasimamishwa tena mahali pengine. Hii ya Egge ilihamishwa mwaka 1913 kupelekwa kwenye viwanja vya Chuo cha Luther, palepale Decorah, kabla ya kufika ilipo leo. Viwanja hivyo Mchungaji Koren mwenyewe ndiye aliyeshughulikia kupatikana kwake. Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, lakini Elisabeth alikuwa hai bado, mwanamke wa zaidi ya miaka 80, na hakuaga dunia hadi 1918. Nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi mgeni ikahamia mjini yeye akiwa hai.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao wa Iowa