Nisaini nyumba iwekwe rehani, au mume wangu akaombe kutangazwa muflisi?

Mpendwa Mshauri,

Pole na majukumu. Nakuandikia kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Mume wangu ni fundi mwashi, na tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku, kazi hazikumpiga chenga. Mambo yaliharibika alipopewa na mkandarasi mmoja kazi ya kujenga kwa vifaa vyake mwenyewe. Akachukua saruji na nondo dukani kwa mali kauli. Nyumba zimeisha, wenyewe wameshahamia na mapazia wametundika, lakini mkandarasi kila akipigiwa simu yuko kikaoni.

Dukani tunadaiwa milioni 9. Kuna kampuni ya mikopo, milioni 5. Kikoba changu, milioni 3, na huko aliyetudhamini ni dada yangu wa tumbo moja. Halafu kuna mkopo wa simu wa laki nne, na huo mdogo ndio uliotuvua nguo. Ulipochelewa, walituma ujumbe kwa majina yaliyokuwa kwenye simu ya mume wangu: mwenyekiti wa kwaya, mwalimu wa mtoto, hadi fundi baiskeli. "Mwambie ndugu yako tapeli alipe deni." Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni, na ilifanya vizuri, ila tangazo halifuti ujumbe ambao kwaya nzima imeshausoma.

Sasa amejitokeza mkopeshaji mwingine, huyu ana leseni na ofisi yenye kiyoyozi. Anasema atalipa madeni yote, tubaki na deni moja kwake: milioni 18, miezi 24, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kiwango hicho kiko ndani ya ukomo wa Benki Kuu, sina ugomvi nacho. Ila nilichukua kikokotoo cha mtoto nikapiga hesabu. Riba yao haishuki kadiri unavyolipa, kwa hiyo tutarudisha zaidi ya milioni 33, karibu milioni 1 na laki nne kila mwezi. Mume wangu mwezi mzuri hafikishi hizo.

Na dhamana ni nyumba tunayolala. Fomu ninayo hapa mezani. Ukurasa wa mwisho umeandikwa "Idhini ya mwenza", chini yake nukta nukta za jina, saini na dole gumba, na afisa ameshaweka alama ya penseli mahali pa kusaini, kana kwamba mimi sioni. Wananihitaji kwa sababu Sheria ya Ardhi hairuhusu nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Mume wangu anasema nisaini tupumue. Mama mkwe anasema nyumba ni ya mwanawe, mimi nashikilia nini?

Nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Alinieleza jambo ambalo afisa wa mikopo hakuligusa kabisa: kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai, nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake haikamatwi kukazia hukumu ya deni la kawaida, wala vyombo vya kupikia, matandiko na vifaa vya kazi. Maana yake mwenye duka, ambaye ameshafungua kesi, hata akishinda dalali wa mahakama hawezi kutufungia mlango. Nikisaini, kinga hiyo nimeigawa mwenyewe. Na kesi ikifika hukumu, tunaweza kumwomba hakimu deni lilipwe kwa awamu.

Kaka yake mume wangu, aliyewahi kuwa karani wa wakili, ana lake. Anasema mdogo wake aende Mahakama Kuu akawasilishe ombi la kufilisika chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Mahakama ikikubali, inatoa amri ya kupokea mali, wadai wanazuiwa kumfuata mmoja mmoja, na mali inasimamiwa na mpokeaji rasmi, kazi ambayo kwetu iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadai wanaitwa kikao, mdaiwa anahojiwa hadharani mbele ya mahakama, na wanaweza kukubaliana walipwe kiasi kidogo kuliko wanachodai. Mwishoni mahakama inaweza kumwachia huru na madeni yale. Hata yule mkandarasi angedaiwa na mtu mwenye nguvu kuliko sisi.

Mume wangu aliposikia neno "hadharani" aliinuka akatoka nje. Mimi silo lililonishtua, maana baada ya ule ujumbe wa simu tuna siri gani tena? Kinachonikosesha usingizi ni vitu viwili. Kwanza, ufilisi unakusanya mali ya mdaiwa igawanywe kwa wadai wote, na nyumba hii hati ina jina lake peke yake, ingawa matofali ya vyumba viwili vya nyuma yametokana na maandazi yangu. Pili, kuachiwa kwake hakumwachii mdhamini. Mume wangu atatoka mahakamani mwepesi, na kikoba kitahamia kwa dada yangu, mjane anayeuza mboga Sabasaba. Wanakikoba ni majirani zetu, na kusema kweli wao ndio pekee ambao hawajatutukana.

Mwenyewe naona nisisaini, tulipe kikoba kwanza kabla ya wote, tumwombe hakimu awamu kwa deni la duka, na mkandarasi tumshtaki. Lakini shemeji anaonya kwamba ukimlipa mdai mmoja ukawaacha wengine, halafu ukaja kufilisiwa, malipo hayo yanaweza kutenguliwa kwa kuwa ulimpendelea.

Naomba unishauri: je, naweza kuandikisha maslahi yangu kwenye nyumba hii kabla lolote halijafika mahakamani, na nikifanya hivyo itaonekana tunaficha mali? Na dada yangu nimwambie nini, ajitoe udhamini sasa au asubiri? Afisa anaitaka fomu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama Maandazi,
Nkuhungu, Dodoma