Kigingi cha ng'ombe wetu

Mtambwe, Pemba

Mwanangu mpenzi Maryam,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Magoti ya mama yako yametulia, anakusalimu sana.

Simu yako ya Ijumaa ilinikuta natoka msikitini. Uliposema umekabidhiwa kituo cha taaluma ya nyanda za malisho hapo chuoni, nilikaa chini ya mwembe, nikaweza kusema hongera tu. Yaliyobaki ndiyo haya.

Unaukumbuka mwaka karafuu zilipozaa sana, wewe uko darasa la tano? Yule ng'ombe wetu mwekundu tulikuwa tukimfunga bondeni, kwenye zile eka tatu alizopewa babu yako baada ya Mapinduzi. Kila asubuhi kigingi kinang'olewa, kinasogezwa hatua kumi, kamba ya usumba inatandazwa, ng'ombe anapata duara jipya. Msimu ule sote tulikuwa juu ya mikarafuu tangu alfajiri, na usiku tunachambua makonyo. Kigingi kikakaa pale pale siku nne, siku tano, wiki nzima. Maji tulimpelekea, tukaona tumetimiza haki yake. Tulipokuja kushituka, ukoka umeliwa hadi shina na udongo umekuwa mgumu kama sakafu.

Mvua iliponyesha ukoka haukurudi. Yakaota magugu ya ndago. Nikazilima kwa jembe, zikarudi nyingi kuliko mwanzo. Wewe ndiye uliyeng'oa mche mmoja, ukaufuta udongo kwa kanga ya mama yako, ukanionesha vile vijivimbe vilivyoshikana mizizini kama ushanga: "Baba, ukivikata kwa jembe ndiyo unavipanda." Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na kitu, na ndago nimezing'oa tangu utotoni, sijawahi kutazama chini yake.

Mtu angepita bondeni siku ile angelaumu udongo, au ng'ombe. Kosa lilikuwa langu, na lilianzia juu ya mikarafuu.

Ndiyo maana habari ya Serengeti uliyonisimulia barazani haijanitoka. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiwaua na nyumbu pia, nyumbu nao wakasalimika, wakaongezeka kutoka kama 250,000 hadi zaidi ya 1,000,000. Wakala nyasi zile ambazo zamani zilikauka zikaungua; moto ukapungua, miti ikaanza kurudi. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha. Chanjo ya ng'ombe ikaotesha miti, Maryam! Daktari wa mifugo peke yake asingeliona hilo, wala bwana misitu peke yake.

Hapo kituoni utakuwa na mtaalamu wa udongo, wa mifugo, wa moto, wa sheria za ardhi, kila mmoja na chumba chake na mlango wake. Watoe. Wapeleke malishoni siku moja, wasimame kwenye duara moja la kigingi, kila mtu aseme anachokiona na wenzake wamsikilize. Mimi naona kazi yako kubwa ni hiyo, kuliko kutia saini.

Na wenye ng'ombe wawepo tangu mwanzo. Walikuja watu hapa mwaka mmoja na vipande vya majani ya tembo, wakatuuliza sisi wanaume wapi pa kupanda, tukawaonesha bondeni. Anayekata majani nyumba hii ni mama yako. Yeye alijua maji yanatuama pale masika nzima. Hakuulizwa, na vipande vyote vikaoza. Mpaka leo linaniuma, kwani hata mimi sikumuuliza.

Umesema Umoja wa Mataifa umeufanya 2026 kuwa mwaka wa nyanda za malisho na wafugaji. Basi ukisikia mkubwa yeyote anaita malisho ardhi tupu, usinyamaze kwa adabu. Nakuruhusu mimi baba yako.

Ng'ombe amezaa juzi, ndama jike, paji jeupe. Upande wa kisimani sijafunga ng'ombe tangu mfungo ulipokwisha. Kuna jani limeota humo silijui jina, lina suke jekundu, laini kama nywele za mtoto. Mama yako naye halijui. Njoo ulitazame kabla sijasogeza kigingi upande huo.

Baba yako