"News" haikutoka pande nne za dunia

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo aliloandika msomaji mwenzangu katika ukurasa huu wiki iliyopita, kwamba neno la Kiingereza "news" limeundwa kwa herufi za mwanzo za pande nne za dunia: north, east, west na south. Sina ugomvi naye. Mimi mwenyewe nililifundisha hilo darasani kwa miaka 11, nikichora dira ubaoni na kuiweka kila herufi mahali pake. Wanafunzi walilipenda, nami nililipenda kuwashinda.

Aliyenizindua ni msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akisoma pia Kifaransa. "Mwalimu, mbona Wafaransa habari wanaziita nouvelles, na hakuna dira humo?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe hadi kesho, nikaenda kufungua kamusi ya asili za maneno ambayo ningepaswa kuifungua miaka 11 nyuma.

"News" ni "new", yaani -pya, iliyotiwa s ya wingi. Waingereza waliiga Wafaransa, ambao nao walifuata mtindo wa Kilatini: nova, mambo mapya. Maandishi ya zamani huliandika "newes", na hiyo e ya pili haina upande wa dunia wa kuusimamia. Mchezo wa zile herufi nne ni wa kale kweli, ulichapishwa Uingereza tangu karne ya 17, lakini ulilikuta neno limekwishazeeka.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa vinywani mwetu siku zote. Tunaulizana, "Kuna mapya?" Tunaambiana, "Yamezuka mapya." Hayo mapya ndiyo "news" yenyewe: kivumishi kimeiacha nomino yake, kikasimama peke yake, tena kwa wingi. Mwanafunzi akiliona hilo hashangai kusikia kwamba Waingereza wa zamani walisema "these news". Leo wanasema "the news is", kwa umoja, na ile s imebaki kama kovu la wingi uliopita. Ndiyo maana pia "a news" ni kosa, hata mtu akiwa na habari moja tu mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nikizungushia wino mwekundu "a news" kwenye madaftari bila kumweleza mtoto sababu, kwa kuwa dira yangu haikuwa na sababu ya kumpa.

Hata jina la chombo chako, Mhariri, lina ukoo huo. Gazeti limetujia kutoka Kiingereza "gazette", na asili yake ni Venice ya karne ya 16, ambako karatasi za habari ziliitwa kwa jina la sarafu ndogo, gazeta. Jina lake refu lilikuwa gazeta de la novità. Novità ni upya. Humo pia hakuna kaskazini wala kusini.

Kesho yake nilimwita yule msichana mbele, nikamwachia chaki. Aliandika "mapya" ubaoni, chini yake "nouvelles", chini yake "news". Walimu wenzangu ambao bado mnaichora ile dira, nawaomba muifute.

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza