Mama Neema, kabla hujatia pesa kwenye Labubu

Sabasaba, Dodoma
14 Septemba 2025

Shoga yangu Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye upepo na vumbi. Sisi hatujambo, watoto wako shule, na mama ameshatoka Mpwapwa salama. Naamini nawe na wa nyumbani mko wazima.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mkivunja kikoba Desemba, laki nane yote uitie kwenye Labubu, ile midoli midogo ya manyoya yenye meno, uzifungie kabatini zingoje kupanda bei, kama tunavyoweka alizeti ghalani. Sikutaka kukujibu juujuu kwenye simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Sikatai kwamba zinatoka. Tangu Juni haipiti siku bila mtu kuniuliza, hasa wanafunzi wa UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, wanaotaka ya kuning'iniza kwenye begi. Nilichukua kumi za Kariakoo kwa elfu sita sita, nikauza elfu kumi na mbili, saba zikaondoka siku ile ile. Lakini usiku nilizikagua zile tatu zilizobaki. Labubu halisi ina meno tisa. Yangu moja ilikuwa na kumi, nyingine saba, na ya tatu jicho limekaa upande na gundi imekauka shingoni. Ni feki, na feki hizi zina hadi jina lake, Lafufu. Hakuna mtu atakayekuja mwakani kununua Lafufu kwa bei ya juu, shoga yangu. Inayotafutwa ni ile iliyo kwenye boksi lake la Pop Mart, yenye alama ya kuskani.

Na hiyo halisi nayo ina mambo yake. Aliyeichora ni Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, mwaka 2015. Pop Mart, kampuni ya Beijing, ikaanza kuitengeneza 2019, ikatoa ya manyoya ya kuning'iniza 2023, kisha Aprili 2024 mwimbaji Lisa wa kundi la muziki la Blackpink akaonekana nayo na dunia ikachachamaa. Wanaiuza ndani ya boksi lililofungwa, hujui umepata ipi mpaka ufungue. Katika ule mzigo wa 2023 kulikuwa na aina sita za kawaida na moja ya siri, na ya siri hutoka mara moja katika maboksi 72. Watu hununua tena na tena wakiikimbiza. Mimi naiona kama bahati nasibu wanayochezeshwa watoto, na inaniuma.

Ile habari uliyonitumia, ya Labubu iliyouzwa kwa yuan milioni 1.08 pale Beijing Juni hii, ni kweli kabisa. Ila huo ulikuwa mdoli mmoja wa sentimita 131, ulionadiwa mnadani. Mwezi huo huo kampuni ilimwaga mzigo mwingi sokoni, na bei za walanguzi wa China zikaporomoka. Mwenye kiwanda ndiye mwenye kushika bei, wewe na mimi hatuna la kufanya.

Sasa nikwambie kilichonikosesha usingizi. Mwezi uliopita nilifungua belo la midoli ya mtumba. Chini kabisa nikakuta dubu wadogo kumi na wanne wenye lebo nyekundu ya umbo la moyo sikioni. Tumbo ukilibonyeza linachezacheza kama kifuko cha mtama, ndani ni punje za plastiki. Hawa ni Beanie Babies wa Ty Warner wa Marekani, walioanza 1993 wakiuzwa kama dola 5. Alikuwa akisimamisha kutengeneza aina fulani, basi watu wanagombania zilizobaki na kuziweka ziwasomeshee watoto. Mwaka 1999 kule Las Vegas mume na mke waliotalikiana waligawana midoli hiyo mmoja mmoja sakafuni mahakamani! Kisha bei zikaanguka. Dubu mmoja kwenye belo langu lebo yake bado ilikuwa ndani ya kikasha cha plastiki, kuna mtu huko aliikinga isikunjike. Wenzake nimewauza buku buku, kwenye turubai, chini.

Kwa hiyo ukitaka, chukua Lafufu kumi na tano tu, uziuze wiki ile ile kabla shule hazijafunguliwa, na umwambie mnunuzi wazi kwamba si halisi. Iliyobaki nunulia madumu, urudi kwenye mafuta yako ya alizeti pale barabarani. Wateja wako wanakuulizia, hata madereva wa huku wananiambia.

Yule dubu wa kikasha sikumuuza. Ijumaa nampa kondakta wa basi la asubuhi, nitakupigia akifika Manyoni ili ujiandae kwenda stendi. Kikasha nimeshakitoa, nimemfua na kumwanika. Mpe Neema, alale naye.

Wako,
Mama Joshua