Bendi mbili kwenye jeli

Ndugu yangu Saidi,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, Mama Rehema keshaanza kutembea na anakusalimu. Mengine baadaye, maana picha ya jeli uliyotuma jana, ile ya kipimo cha vinasaba cha kutambua aina za mbu, haijanitoka kichwani.

Visima vitatu vya jeli, kila kimoja cha mbu mmoja, vina bendi mbili (mistari ya vipande vya DNA): ya urefu wa jozi-besi 390 ya gambiae na ya 315 ya arabiensis, aina mbili za mbu wa malaria, nawe umeshaandika "chotara" kwa wino mwekundu. Futa kwanza! Uliponda mbu mzima au mguu? Jike aliyepandwa ana mbegu za dume tumboni, na ukimponda mzima vinasaba vya wote wawili vinaingia tyubu moja. Gambiae mtupu aliyepandwa na arabiensis atakutolea bendi hizohizo. Sikatai, hiyo nayo ni habari, maana wamekutana. Lakini chotara ni mtoto wao, si mama.

Rudia kipimo kwa miguu ya mbu: mmoja au miwili kwa kila mbu, kibano ukifute kwa spiriti na kukipitisha motoni kabla ya kumshika mwingine. Weka na vya kulinganishia: gambiae halisi, arabiensis halisi, mchanganyiko wa vinasaba vyao nusu kwa nusu, na maji matupu. Maji yakitoa bendi, mwaga praima zote (vile vipande vya DNA vya kuanzishia kipimo) uchanganye upya, usibishane nazo.

Angalia na jinsia. Kipande tunachopima kiko kwenye kromosomu X. Dume ana X moja, ya mama yake, kwa hiyo dume chotara huonyesha bendi ya mama tu. Ukiona dume mwenye bendi mbili, huo ni uchafu.

Na hapo ndipo kipimo hiki kinapotudanganya. Dume chotara ni tasa, ila jike anazaa. Uzao wake ukiendelea kupandwa na arabiensis, baada ya vizazi vichache jeli itasema arabiensis, kumbe kromosomu 2 na 3 bado zina vipande vya gambiae. Kule Mali usugu wa kdr (badiliko la jeni linalomfanya mbu astahimili dawa) ulitoka gambiae ukaingia coluzzii, aina ya jamaa yake, kwa njia ya machotara namna hii, wakati vyandarua vyenye dawa vinaenea. Basi tafuta na alama isiyo kwenye X, hata moja.

Hao watatu ni majike? Walikuwa wameshiba damu? Umewanasa chumbani au zizini? Miguu ipo bado kwenye silika ya kukaushia, au Sule kashatupa? Nijibu kabla hujamwonyesha mzee ile picha.

Wako,
Hamisi