Kalori 800 ni dozi, msizigawe kama karanga

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama lishe hapa Mwanjelwa, Mbeya, na huu ni mwaka wa 13 napika. Gazeti lenu hunifikia mchana likiwa limeshapita kwa fundi cherehani na kwa kijana wa kutengeneza simu, na mara nyingi kurasa za michezo hazimo tena. Safu ya afya hainyofolewi na mtu, ndiyo maana nilibahatika kuikuta nzima ile makala iliyotaka kila mwenye kitambi na kila mama mnene ale kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, miezi miwili, apungue. Niliisoma nimesimama na mwiko mkononi. Kilichonikaba koo ni lile neno “kila”.

Namba hiyo naifahamu. Niliishi nayo siku 19, Julai ya mwaka juzi.

Nesi alinipima presha nikakutwa na 160 kwa 100, na magoti yalikuwa yamegoma kupanda ngazi za sokoni. Nilikuwa na kilo 96 kwa kimo cha sentimita 158, umri 47. Nikapewa vidonge viwili, kimoja kile cha kukojoza, na nikaambiwa nipunguze mwili. Nipunguze vipi sikuambiwa, foleni ilikuwa ndefu. Basi nikalipa shilingi 25,000 nikaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kijana mmoja anayejiita kocha. Mchangamfu, na tumbo lake kwenye picha limegawanyika kama mkate wa kukatwa. Grupuni alikuwepo dereva wa bajaji, walimu, wasichana wa chuo, mama mmoja wa mapacha. Sote orodha moja: asubuhi yai moja la kuchemsha na chai ya rangi bila sukari, mchana kabichi na kipande cha kuku kisicho na ngozi, jioni tango na nusu parachichi. Jumla, kwa hesabu ya kocha, kalori 800. Niliulizwa kilo zangu tu. Kazi yangu sikuulizwa, dawa ninazokunywa sikuulizwa.

Mimi ni mtu wa vipimo, hela yangu imo humo. Nikanunua mizani ndogo ya wapika keki, nikaanza kupima vitu ambavyo miaka yote nilikuwa nakadiria kwa mkono. Sufuria langu la mchana linakula kilo tatu za sembe na kutoa sahani 12. Maana yake kila sahani ina gramu 250 za unga. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360, kwa hiyo ugali peke yake ni 900, kabla hujaweka maharage wala dagaa. Wateja wangu ni wasukuma mikokoteni na wapakuaji wa viazi vinavyoshuka kutoka Isyonje, wale wanaobeba lumbesa mgongoni. Mmoja wao akikaa kwenye benchi langu dakika 20 anakula zaidi ya nilichopangiwa mimi kutoka jogoo hadi nyota. Na mimi silali kwenye kochi, Mhariri. Naamka saa kumi alfajiri, nateka maji, nabeba mkaa, nasonga ugali wa kilo tatu. Asiyewahi kuusonga ajaribu siku moja halafu aniambie kama si kazi ya shamba.

Mizani hiyo hiyo ilinipa aibu nyingine ambayo lazima niikiri. Mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula ni kalori kama 120, na ule upawa wangu mdogo wa kukaangia, nilipoumiminia kijiko kwa kijiko, ulimeza vijiko vinne. Mboga ya nyumbani nilikuwa naiwekea pawa mbili na bado nalalamika kwamba mimi ni mnene wa kuzaliwa. Hapo kocha alikuwa na haki ya kunicheka.

Wiki ya kwanza zilitoka kilo nne. Wateja wakasema, “Mama, umependeza,” nikanunua gauni ambalo halijafungika hadi leo. Wiki ya pili ikaja baridi. Julai ya Mbeya mnaisikia kwenye redio, ila mimi nilikaa kando ya majiko mawili ya mkaa, sweta juu ya kitenge, na vidole vyangu vilikuwa kama vimetolewa kwenye friji. Usiku niliota makande. Sitanii, niliota sufuria la makande linachemka na mimi siruhusiwi kulifunua. Mchana nilimfokea mteja aliyekula kwangu miaka sita kwa sababu aliomba kuongezewa mchuzi.

Siku ya 19 niliinama kuipua maharage, na niliponyanyuka dunia ikazima. Sufuria lilimwagikia upande wa pili. Ningekuwa nimebabuka miguu yote. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa chini, miguu imepandishwa juu ya gunia la viazi, na yule yule mteja niliyemfokea ndiye ananipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Kituoni presha ilisoma 90 kwa 55. Daktari akauliza dawa, nikamtajia. Akauliza chakula, nikamwonyesha orodha kwenye simu. Akaisoma kimya, kisha akamwita dada wa lishe. Wawili hao wakanieleza jambo ambalo ningeambiwa mapema ningeokoa 25,000 zangu: mtu akikatiwa chakula ghafla namna ile, siku za mwanzo mwili unatoa maji na chumvi nyingi, presha inashuka yenyewe. Sasa mimi juu yake nilikuwa nameza kidonge cha kutoa maji na kingine cha kushusha presha. Na zile kilo nne nilizoshangilia, sehemu kubwa ilikuwa maji.

Ningekuwa nimejiumiza peke yangu nisingeandika barua. Ile orodha nilimtumia pia shemeji yangu wa Igawilo, mwenye kisukari, anayemeza glibenklamaidi. Nilimtumia kwa mapenzi, na bure, mimi nikiwa nimeilipia. Kidonge kile kinalisukuma kongosho limwage insulini, ile inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Shemeji akameza kidonge chake kama kawaida, akala yai lake moja, akaenda kupalilia. Saa nne alikuwa anatiririka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Dada yangu akadhani kanywa ulanzi asubuhi asubuhi, akaanza kumgombeza. Jirani aliyewahi kuuguza mtu wa sukari ndiye aliyepiga kelele aletewe soda, tena ile yenye sukari. Akarudi. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko angenitukana.

Mtoto wa kaka yangu anasoma lishe pale SUA, Morogoro. Alipokuja likizo nikamwaga hasira zangu zote: hizo kalori 800 ni utapeli. Akasema, “Hapana, shangazi, si utapeli,” akanieleza utafiti uliofanyika Uskochi na kaskazini mwa Uingereza, matokeo yakatoka mwaka 2017, unaitwa DiRECT. Watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili, ambao ugonjwa wao haukuwa umezidi miaka sita na hawakuwa kwenye insulini. Nusu yao waliwekwa kwenye chakula cha kimiminika, kalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, halafu vyakula vya kawaida vikarudishwa kidogo kidogo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliopunguziwa chakula, sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote ya kisukari. Kwa wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 4.

Nilinyamaza. Namba ni ile ile iliyoniangusha kwenye maharage! Nikamuuliza, hao hawakuzimia? Akanijibu kwamba siku ya kwanza kabisa waliachishwa dawa za kisukari na za presha, na wahudumu waliwafuatilia kwa vipimo tangu mwanzo hadi mwisho, wakiwa tayari kuwarudishia dawa ikibidi. Chakula chenyewe kilikuwa kimetengenezwa kikiwa na protini, vitamini na madini yake, si tango na kabichi.

Hapo ndipo nilipoelewa, Mhariri, na ndicho kilichonifanya nikae chini niandike. Kalori 800 ni dozi. Inamfaa mtu fulani, kwa muda fulani, akiwa chini ya jicho la mtu anayejua anachofanya, na dawa zake zimepangwa upya na huyo huyo anayejua. Naomba nisieleweke vibaya: asiende mtu kuacha vidonge vyake leo kwa kuwa mama lishe kaandika gazetini. Kwinini inatibu malaria, lakini hakuna anayesimama stendi ya Nane Nane na kumpa kila abiria kiasi kile kile.

Mtoto huyo huyo wa kaka yangu ndiye aliyenipa siri ya ile baridi. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 waliokataa kwenda vitani walijitolea kulishwa nusu ya chakula chao, karibu kalori 1,570 kwa siku, miezi sita, ili madaktari wajue jinsi ya kuwauguza watu waliotoka kwenye njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi hadi wakati wa kiangazi, wakapata kizunguzungu, wakawa wakali, na wakawaza chakula mchana na usiku. Ni kweli hao walikuwa wembamba tangu mwanzo, mimi nilikuwa na akiba yangu kiunoni, hatufanani. Lakini 1,570 ni karibu mara mbili ya zile za kocha. Niliposikia habari za hasira zao nilikwenda nikampa mteja wangu mchuzi wa bure.

Dada wa lishe alinikokotolea kwa kalamu nyuma ya kadi yangu ya kliniki, na kadi ninayo. Mwili wangu ukilala tu, bila kufanya lolote, unatumia karibu 1,550. Ukiongeza kusimama, kuteka na kusonga, unafika 2,500. Akaondoa 600, akaniandikia 1,900. Nikamwambia dada, hizo ni nyingi, nitanenepa. Akacheka. Kilo saba nilizokuwa nimepunguza kwa kocha, tano zilisharudi ndani ya wiki sita. Hizi za 1,900 zimetoka 11 kwa miezi minane na hazijarudi. Nakula ugali, ngumi moja na nusu. Nakula maharage na chainizi kwa kijiko kimoja cha mafuta, parachichi robo. Dawa ya presha imebaki moja, na aliyeipunguza ni daktari.

Dada wa lishe alinionya pia kwamba kupungua kwa kasi sana kunaweza kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Sikuyapata, namshukuru Mungu, kwa hiyo hilo waelezeeni wasomaji nyinyi wenye madaktari.

Ila kuna mmoja sijamaliza naye. Mkwe wangu ana mtoto wa miezi minne, ananyonyesha bila kumpa kitu kingine, na wiki ile ile ya makala yenu aliniomba namba ya simu ya kocha. Anataka tumbo lirudi kabla ya harusi ya mdogo wake mwezi wa kumi na mbili. Binti anatengeneza maziwa usiku na mchana, kazi inayohitaji kalori kama 500 za ziada, halafu akatwe hadi abaki na 800? Nilimnyima namba. Akaniambia, “Lakini mama, gazeti limesema kila mtu.” Gazeti, Mhariri. Kwangu mimi alikuwa na heshima zote, ila mlinishinda nyinyi mliochapwa kwa wino.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo. Toleo lijalo, pale pale mlipoandika 800 hadi 1,000, na kwa herufi zile zile kubwa, andikeni nani asiziguse bila daktari: anayenyonyesha, mjamzito, mtoto anayekua, mwenye vidonge vya presha au vya sukari, mwenye insulini. Na anayebeba lumbesa, kama nafasi ikibaki. Nitaikata niibandike ukutani juu ya beseni la kunawia, wateja waisome wakisubiri sahani, na nyingine nitampelekea mkwe wangu.

Ni mimi,
Mama lishe wa Mwanjelwa,
Mbeya