Wanangu walimu washairi, hili shairi la kukodiwa litawamaliza

Wanangu mnaofundisha muziki kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, nyinyi ambao usiku mnaandika mashairi,

Nawasalimu, ila sitawazungusha. Nimetoka kwenye mashindano ya muziki ya mwaka huu nikiwa na hasira. Nje ya ukumbi nilimkuta mwalimu kijana amechuchumaa ukutani, ameigeuza ratiba upande mtupu, anamalizia shairi la shule nyingine. Midomo inamcheza, vidole vinahesabu mizani, nane kwa nane. Kwaya yake mwenyewe iko mlangoni na haijapewa hata noti ya kuanzia. Walipoingia walianza juu mno; kufika ubeti wa pili soprano zikapasuka, watoto wa alto wakabaki kutazamana. Kisha mwalimu akawafokea watoto!

Kila muhula wa pili mambo ni yale yale. Mwalimu mkuu fulani anapiga simu anataka shairi "la kushinda", liwe la ushuru au la dawa za kulevya, kwa kuwa kuna kombe la mdhamini. Unapokea la kwanza, la pili, hadi la nne. Yote yanaishia kwa vina vya "-ni", maana ndivyo vinavyookotwa haraka. Nusu ya malipo inaingia kwa M-Pesa, nusu utapewa "tukishinda". Wakishinda, picha ya kombe inapigwa na jina lako halitajwi. Mwaka unaofuata unalisikia shairi lile lile kaunti jirani, limebadilishwa jina la mto tu.

Tena usikimbilie kusema umeibiwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini kazi uliyoagizwa kutunga, haki yake humwendea aliyeagiza, msipopatana vinginevyo. Wangapi kati yenu mmepatana lolote kwa maandishi? Sikatai pesa, mshahara wa mwalimu wa bodi, yule anayeajiriwa na shule na si serikali, naujua vizuri. Chukua shule moja, andikianeni, jina lako likae juu ya karatasi, na nusu ya pili ilipwe kabla watoto hawajapanda jukwaani.

Na daftari lako mwenyewe je? Hapo ndipo roho yangu inauma, kwa sababu mna vipaji, nimewasikia. Mtu anayetunga kwa ajili ya mwamuzi tu husahau sauti yake bila kujua imemtoka lini. Alfajiri, kabla ya magari ya shule, muda huo uwe wa shairi lako. Mitihani ya kusahihisha itangoja, haijawahi kukimbia. Wala msidhani darasa ni adui wa ushairi. Isukuti, ngoma ya Waluhya, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Ukimfundisha mtoto kuzitenganisha kwa sikio, nawe unajifunza mahali pa kukata mshororo. Mengi niliyoandika yalianzia kwenye kipindi cha solfa, zile do, re, mi.

Mengine nayataja tu. Msikope kununua mavazi ya kwaya. Msiimbe sauti zote nne mnapofundisha, koo ni moja. Jiungeni na sako, chama cha akiba na mikopo. Laleni.

Na nyinyi wakuu wa shule, msicheke pembeni. Kombe mmeliweka ofisini kwenye kabati la kioo, kinanda mmekifunika nailoni kisiguswe, na mitihani ikikaribia kipindi cha muziki mnampa mwalimu wa hisabati. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na hadi leo kuna shule zinazokumbuka muziki Juni na kuusahau Agosti! Waandalizi wa sherehe hapa mjini nao hulipia hema, hulipia spika, halafu mshairi hupewa soda na "asante sana mwalimu". Huyo mwalimu amelipa nauli ya kuja.

Fainali za kitaifa zikiisha, nyumbani kwangu milango iko wazi Jumamosi mchana. Njooni na madaftari tusomeane. Chai na nduma vitakuwepo. Atakayeleta shairi la ushuru atalisoma akiwa nje ya geti.

Mimi mwalimu wenu mstaafu,
Kisumu.